Mama wa Karatasi
Sehemu ya tisa

Paluku hakutoa kisu. Wasomaji waliobishana wiki nzima sasa wanaweza kutulia. Alichokitoa kwenye mfuko wa koti, mbele ya jaji wa mahakama ya watoto, kilikuwa karatasi moja iliyokunjwa mara nne, yenye muhuri wa shule.

Pétronille aliitambua kabla haijakunjuliwa. Angepewa nafasi ya kuchagua, angechagua kisu.

Greffier, karani wa mahakama, aliisoma kwa Kifaransa. Kisha jaji, mwanamke wa makamo mwenye miwani mizito, akairudia kwa Kiswahili neno kwa neno, ili asiwepo wa kusema baadaye kwamba hakuelewa. Mwanafunzi Arielle, miaka kumi na mitano. Mama mzazi, Pétronille Kavira. Imeandikwa kwa kufuata jugement supplétif, yaani ile hukumu ambayo mahakama humpa mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa.

"Mama Pétronille," jaji alisema, "ulikuja hapa mwezi wa pili kuomba tutelle, sheria ikupe haki ya kumulea huyu mutoto. Uliandika weye ni mama mudogo yake. Mama yake ni dada yako, marehemu Musoki. Ni hivyo?"

"Ni hivyo, madame le juge."

"Na shule inasema ni weye ulimuzaa. Waliandika hivi bila kukuuliza?"

"Waliniuliza."

"Sahihi iliyo chini ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Basi kuna siku moja ulidanganya serikali. Ao siku ile, ao leo. Nataka kujua ni siku gani."

Pétronille alitazama mikono yake. Ilikuwa bado na udongo mwekundu kwenye kucha, kwa sababu asubuhi alikuwa amepokea magunia ya viazi kutoka Kpandroma kabla ya kukimbilia mahakamani.

Paluku alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, kofia magotini. Huyu ni kaka mkubwa wa marehemu Mbusa, baba yake Arielle, na ndiye aliyepinga ombi la Pétronille. Alisikiliza kama mtu aliyekuja kusikia habari za watu wengine.

"Hiyo hukumu yenyewe iko archives?" jaji alimuuliza greffier.

"Inapaswa kuwa, madame."

"Itafute. Tunarudi baada ya saa moja. Tukirudi, mama ataniambia yeye ni nani ya mutoto."

* * *

Ukweli ni huu, na hauchukui nafasi kubwa.

Miaka sita iliyopita, Musoki na mume wake Mbusa walikwenda shambani upande wa Oicha asubuhi. Hawakurudi. Wiki mbili baadaye ukoo mzima ulikuwa Bunia, na Pétronille, ambaye hakuwa na mtoto, alikuwa ameshika mkono wa Arielle mwenye miaka tisa.

Mwaka uleule mahakama ilitoka ofisini ikaja kwenye uwanja wa parokia kuwaandika watoto waliokimbia bila vyeti. Meza mbili chini ya turubai. Kwa mtoto mwenye wazazi, yalitosha maneno ya wazazi na mashahidi wawili. Kwa yatima, walitaka vyeti vya kifo, cha mama na cha baba. Lakini mtu akiuawa katikati ya mihogo, na karani wa kijiji naye amekimbia, cheti hicho anakiandika nani?

Chef wa avenue, mkuu wa mtaa, alikuwa mtu wa kumaliza kazi. Aliwakalisha wanawake kwenye benchi moja na wanaume kwenye benchi lingine, akatembea katikati na daftari lake.

"Kila mama achukue wale anapikia," aliwaambia. "Kwetu siye, mama mudogo ni mama. Hatudanganyi mutu."

Kabla ya saa sita, watoto yatima kumi na mmoja walikuwa wamepata mama. Joséphine, jirani yake Pétronille, alipata wanne kwa mkupuo, na benchi zima likamcheka kwamba amezaa wanne bila hata kuvua viatu.

Hakuna aliyefikiri ametenda kosa. Watoto waliingia shule, na hilo ndilo walilolitaka.

* * *

Maître Néhémie, wakili wa Pétronille, alikuwa na miaka ishirini na tisa na koti moja. Alimvuta Pétronille hadi mwisho wa veranda ya mahakama.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

"Nilikuuliza kama iko karatasi ingine."

"Hiyo haiko karatasi ingine, Maître. Hiyo ni ya shule."

Néhémie alifumba macho, akayafumbua.

"Sikiliza. Iko njia mbili. Ya kwanza, unasema kweli. Weye ni mama mudogo, siku ile mulidanganya. Ile hukumu inaanza kuvunjika, na parquet, ile ofisi ya mashitaka, inaweza kukuita ujibu juu ya uongo. Mambo ya tutelle yanaenda kwa baraza ya familia. Mukubwa wa familia ni Paluku."

"Watamupa yeye."

"Sijui. Mutoto atasikilizwa. Lakini jaji hapendi kumupa mutoto mutu aliyemudanganya."

"Na njia ya pili?"

Néhémie alitazama uani, ambako askari wawili walikuwa wanacheza dama kwa vifuniko vya chupa.

"Ya pili, unasema weye ndiye mama. Hukumu ni hukumu. Haivunjwi na mudomo ya Paluku, inavunjwa na hukumu ingine. Na mama mzazi haombi tutelle ya mutoto wake. Tunaondoa ombi, unabeba mutoto, munaenda kula."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Ngoja. Pale kwa baba, waliandika nani?"

"Sijui, Maître. Mi sisomi Kifaransa. Chef alijaza na benchi ya wanaume."

"Atakuwa ameandika Mbusa. Mutoto anabeba jina yake." Néhémie alifikiri kidogo. "Na marehemu hadai mutoto."

Hapa, msomaji, ndipo kijana huyu mwenye akili alipokosea. Archives, chumba cha mafaili ya zamani, zilikuwa hatua arobaini kutoka pale aliposimama, na alikuwa na dakika hamsini. Hakwenda kusoma.

Alipoondoka kupiga simu, Paluku alikuja taratibu na pakiti ya biskuti.

"Shemeji, umekula?"

"Sina njaa."

"Unajiumiza bure na hii mambo. Siye tulikosana lini? Mbuzi za mahari ya Musoki zilitoka kwetu zote, hata ile ya shangazi yako. Mutoto ni wa ukoo wetu. Weye mwenyewe unajua."

"Arielle iko première humanités, sekondari. Anasoma vizuri."

"Na Mambasa kuna masomo."

"Kule kwa mashimo yenu?"

Paluku alifungua pakiti, akala biskuti moja. "Dany ni mutu mwenye roho. Ni PDG, ana mashimo mawili ya dhahabu na wachimbaji wake. Nyumba ya matofali, groupe ya umeme. Mutoto hatapika na kuni."

"Ana miaka kumi na tano."

"Dany amesema anaweza kungoja mpaka sikukuu ya Noël."

Alilisema hilo kwa sauti ya mtu anayeomba radhi kwa niaba ya rafiki. Pétronille alishika nguzo ya veranda. Alikuwa amelisikia neno hilo kwa watu, kwamba binti ameahidiwa. Hakuwahi kulisikia kutoka kinywani mwa mwenyewe.

"Nakuomba kitu kimoja tu," Paluku aliendelea. Sauti yake ilishuka. "Usimukane dada yako pale mbele. Sema kweli. Musoki ndiye alizaa. Mungu anatusikia, shemeji."

Akamwachia pakiti kwenye ukuta mdogo wa veranda, akaenda zake.

Na pale Pétronille alipata jibu lake. Tangu harusi ya dada yake alikuwa amemjua mtu huyu, na hakuwahi kumwona akiomba jambo lisilomfaa. Kama Paluku anautaka ukweli, basi ukweli una faida kwa Paluku.

Arielle alikuwa ameketi kwenye ngazi, sare ya bluu na nyeupe, akinakili somo la kemia kutoka daftari la mwenzake.

"Watakuuliza mama yako ni nani," Pétronille alimwambia.

"Nitasema Musoki."

"Utasema mimi."

Binti aliinua kichwa. "Mama mudogo, weye ndiye ulinikataza kusahau jina yake. Kila mwaka unanisemesha."

"Leo usahau kidogo."

"Kidogo ni mpaka wapi?"

"Mpaka tutoke mule ndani."

Arielle alifunga kalamu yake. "Na kama Mama anasikia?"

"Anasikia. Atanilaumu mimi, si weye. Simama, wanatuita."

* * *

Mezani kwa jaji kulikuwa na dossier, faili la kahawia lenye vumbi, kutoka archives. Jaji aliweka kiganja juu yake.

"Kabla nifungue hii, nataka maneno yako. Weye ni nani ya huyu mutoto?"

"Ni mama yake," Pétronille alisema. "Nilimuzaa."

"Na hii hukumu ya miaka sita ni ya kweli?"

"Ni ya kweli."

"Yote?"

Néhémie aliinua macho kwa neno hilo. Alichelewa.

"Yote, madame le juge."

Greffier aliandika. Jaji akamgeukia binti.

"Arielle. Usiogope. Mama yako ni nani?"

"Ni huyu."

"Anaitwa nani?"

"Pétronille."

"Na Musoki alikuwa nani kwako?"

"Mama mukubwa. Alikufa."

Alijibu bila kulia, kwa sauti ya mwanafunzi aliyehifadhi somo. Pétronille, aliyekuwa amekesha mwezi mzima akiwaza namna ya kushinda, alisikia kitu ndani yake kinakatika, na hakuwa na nafasi ya kujiuliza ni nini.

Kwa sababu alikuwa ameshinda. Kwa muda wa kunywa glasi moja ya maji, Pétronille Kavira alikuwa mama kwa sheria ya nchi, na hakuna shemeji wala PDG aliyeweza kumgusa.

"Madame le juge," Néhémie alisimama, "tunaomba kuondoa ombi la tutelle, kwa kuwa—"

"Keti, Maître. Bwana Paluku, weye ndiye ulileta pingamizi. Unabisha?"

Paluku alisimama na kofia yake mkononi.

"Hapana, madame. Mi sibishani na mahakama. Mama amekubali karatasi yote. Nami nakubali yote. Isomwe tu."

Jaji alimwashiria akae. Kisha akafungua dossier.

Alisoma jina la mtoto. Alisoma mahali pa kuzaliwa, Oicha. Alisoma jina la mama. Akafika mstari uliofuata, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la joho, akaivaa tena.

"Na wa baba yake, Paluku Muhindo, aliyekuwepo, akakiri na kutia sahihi."

Nje, mmoja wa askari alishinda mchezo wake na kucheka.

Sasa Pétronille alikumbuka. Siku ile Paluku alikuwa hajahamia Mambasa. Alikuwa kwenye benchi la wanaume, wa tatu kutoka mwisho, akila hindi la kuchoma. Na chef wa avenue aliwaambia wanaume maneno yaleyale aliyowaambia wanawake: kila mmoja achukue wa ndugu yake, maana kwetu siye baba mukubwa ni baba. Mtu wa benchi hili hakujua mtu wa benchi lile amesema nini. Daftari la chef ndilo lililowaunganisha. Paluku alilijua hilo alipomwomba kwenye veranda aseme kweli: alijua atafanya kinyume.

"Munataka kuniambia," jaji alisema polepole, "kwamba nyie wawili mulizaa pamoja."

Greffier alikohoa ndani ya mkono.

"Mahakama imesema," Paluku alijibu.

"Ulikuja hapa kama baba mukubwa."

"Kwa heshima ya marehemu ndugu yangu, madame. Mutu hajisifu. Lakini kama hukumu inasema mimi ni baba, na mama mwenyewe amesema mbele yako kwamba ni ya kweli yote, mimi ni nani nikatae?"

"Madame le juge." Pétronille alikuwa amesimama bila kujua. "Nilidanganya. Mimi si mama. Ni Musoki. Niandike hivyo."

"Dakika tano zilizopita ulisema nini?"

"Nilidanganya. Huyu anataka kumupa mutu. Dany, PDG wa Mambasa. Ameniambia yeye mwenyewe sasa hivi, pale veranda. Anasema atangoja mpaka Noël."

"Nani alisikia?"

Pétronille alitazama huku na huku. Néhémie alikuwa kwenye simu wakati ule. Askari walikuwa kwenye dama. Arielle alikuwa kwenye ngazi na kemia yake.

"Dany ni nani?" Paluku alimuuliza greffier, kana kwamba huyo ndiye anayepaswa kujua.

Jaji aliweka kalamu. Alipozungumza, alizungumza na Pétronille peke yake, na hakuinua sauti.

"Mama, mimi naona vizuri. Nimekaa kwa hii kiti miaka tisa. Lakini kuona kwangu haivunji hukumu. Ungesema kweli saa moja iliyopita, hii karatasi ingelegea mikononi mwangu. Yeye angebaki baba mukubwa tu, na mutoto angechagua mbele ya baraza. Sasa umeikaza weye mwenyewe. Mutoto mwenye mama na baba hana tuteur, mulezi wa sheria, basi ombi lako halina mahali pa kukaa. Na wazazi wakikosa kupatana, sheria yetu inatanguliza neno la baba. Unaweza kulalamika. Lakini malalamiko hayasomwi leo, wala wiki hii."

Kisha kwa Paluku: "Mutoto asikose shule hata siku moja."

"Hata nusu, madame."

"Munasafiri lini?"

"Kesho asubuhi, kwenda Mambasa na magari ya Komanda."

Jaji alifunga dossier. Vumbi lake lilibaki kwenye kiganja chake, akajipangusa.

Kwenye mlango, Arielle alimshika Pétronille kiwiko.

"Nilisema vibaya?"

"Ulisema vizuri."

"Basi kwa nini?"

Paluku alikuwa tayari amemshika binti bega kwa upole kabisa, akimwambia waende kwa mama Hortense, mke wake, aliyekuwa anawangoja uani na chakula.

* * *

"Ni kosa yangu," Néhémie alisema. "Ningesoma."

"Iko njia ingine?"

"Moja. Si nzuri."

"Sema."

"Parquet, kule ng'ambo ya uwanja. Unajishitaki mwenyewe. Unasema ulitoa uongo mbele ya mahakama, siku ile na leo. Magistrat akifungua dossier ya faux, ya karatasi ya uongo, anaweza kuandika barua mutoto asitoke muji mpaka uchunguzi uishe. Kama atataka."

"Na mimi nalala ndani."

"Inawezekana sana."

"Na asipotaka kuandika?"

"Unalala ndani vilevile."

Pétronille alijifunga kitenge vizuri na kuanza kuvuka uwanja. Hakufika katikati. Mtu alimshika kitenge kwa nyuma, na bila kugeuka alijua ni Joséphine, aliyekuwa ameketi chini ya dirisha la mahakama tangu asubuhi na thermos ya chai. Alikuwa amesikia kila kitu.

"Ya Pétro, dada. Usiende pale."

"Niachilie."

"Wangu wanne wako kwa liste ile ile. Daftari moja ya chef. Wakivunja yako, wataangalia ya nani nyuma yake? Yangu. Wametufuatanisha, unakumbuka, tulikaa pamoja."

"Nakumbuka."

"Elodie wangu anafanya examen d'État, ya kumaliza sekondari, mwaka huu. Bila ile karatasi hayuko mutu. Na wale wadogo wana baba wakubwa Beni, wanawatafuta wawafanye boy wa nyumba."

"Najua, Joséphine."

"Kama unajua, rudi."

Pétronille aligeuka. Walitazamana, wanawake wawili waliokuwa wamegawana jiko moja kwa miezi minne walipofika mji huu, wakipokezana sufuria.

"Kesho saa kumi na mbili wangekuwa wanampakia Elodie kwa gari," Pétronille alisema, "weye ungerudi?"

Joséphine hakuachilia. Alikishika kitenge kwa mikono miwili, akilia bila sauti, vidole vimekakamaa.

Pétronille alifungua fundo kiunoni. Kitenge kilibaki mikononi mwa Joséphine, na yeye akavuka uwanja na gauni lake la sokoni, lenye alama za magunia ubavuni, mbele ya askari walioacha mchezo wao kumtazama.

* * *

Magistrat wa parquet alikuwa kijana mnene mwenye mafua. Hakuinua kichwa.

"Unalalamika juu ya nani, mama?"

"Juu yangu."

Sasa aliinua.

Alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, na hilo lilimpa Pétronille tumaini dogo ambalo baadaye alilijutia. Alimweleza uwanja wa parokia, mabenchi mawili, chef, karatasi ya shule, na kile alichokisema asubuhi ile mbele ya jaji. Magistrat aliandika ukurasa mmoja na nusu kwa mkono, akausoma kwa sauti, akamgeuzia.

"Unajua ukitia sahihi hapa hautoki leo?"

"Najua."

"Soma tena kama unataka."

"Sisomi. Nionyeshe mahali."

Alimwonyesha. Pétronille aliandika jina lake kwa herufi zilezile kubwa alizofundishwa na Arielle, mezani kwao, mwaka wa pili wa kukimbia.

Magistrat alivuta karatasi kwake, akapiga chafya, akafuta pua.

"Vizuri. Sasa iko tatizo. Asubuhi mbele ya jaji ulisema ni mama. Saa hii mbele yangu unasema si mama. Mimi nitachukua ipi? Mutu anayesema mambo mawili kwa siku moja, nikimuandikia baba barua ya kumuzuia kusafiri, wakili wake ataichana mbele yangu. Nahitaji sauti ingine. Mutu aliyekaa pale kwa benchi siku ile, akaona."

"Chef alikufa mwaka jana."

"Mashahidi wako walikuwa nani?"

"Nao walirudi Oicha. Sijui kama wako hai."

"Mutu mwingine wa benchi, basi. Mumoja tu aseme: tulifanya hivi, na huyu hakuzaa. Ninaandika barua sasa hivi, kabla ofisi ifungwe."

Mlango ulikuwa wazi. Kwenye kizingiti alisimama Joséphine na kitenge mkononi. Alikuwa amemfuata njia yote, labda kurudisha nguo tu.

Magistrat alimwona. "Na weye, mama? Unamujua huyu?"

"Ni jirani yangu."

"Mulikaa pamoja kwa ile benchi?"

Joséphine aliingia hatua mbili. Alikikunja kitenge taratibu, akakiweka kwenye mapaja ya Pétronille, akakilainisha kwa kiganja kama mtu anayemfunika mtoto. Pétronille hakumtazama. Alijua kwamba akimtazama atakuwa amemwomba, na aliona hana haki hiyo.

"Mama, nimekuuliza."

"Mimi ni mama wa watoto wanne," Joséphine alisema. "Niliwazaa mimi. Niulize kitu kingine."

Magistrat aliweka kofia ya kalamu yake. Alikuwa ameelewa, na kuelewa kwake, kama kule kwa jaji, hakukuwa na mahali pa kuandikwa.

"Basi sina kitu kingine," alisema.

Joséphine aligeuka kutoka, akagongana mlangoni na mtu aliyekuwa anaingia mbio. Ni Paluku. Hakuwa na kofia. Viatu vyake, ambavyo asubuhi viling'aa, vilikuwa vimejaa tope hadi kwenye kamba, na nyuma yake mke wake Hortense alisimama na sahani ya wali ambayo haijaguswa.

"Shemeji," alisema, akihema. Kwa mara ya kwanza tangu Pétronille amfahamu, sauti yake haikuwa na mpango wowote ndani. "Mutoto iko wapi?"

"Umemuchukua weye."

"Aliomba kwenda choo. Hortense alingoja mlangoni. Choo iko na dirisha kwa nyuma." Alipangusa uso. "Motari mumoja wa pikipiki anasema amemuona anapanda pikipiki, na mwanaume mwenye koti nyekundu. Walishika barabara ya Komanda. Koti nyekundu ni ya Dany, shemeji. Alisema atatungoja kule Mambasa. Mi sikumwambia aje Bunia."

Pétronille alikuwa tayari amesimama. Kitenge kilianguka sakafuni.

Mkono wa askari wa zamu ulimshika bega, si kwa nguvu.

"Keti, mama," magistrat alisema, akivuta droo na kuingiza ile karatasi ndani, wino wake bado mbichi. "Umeshatia sahihi."